Mwongozo na Barua ya Mlimani

Katika semina ya makada wa matawi tuliyoiendesha Kibosho, kijana mmoja aliyekuwa likizoni kutoka chuo kikuu alituuliza: "Ndugu wakufunzi, kama Mwongozo unamkataza kiongozi makuu na dharau, mwanafunzi aliyeutumia alikosa nini?" Wazee wa ushirika walicheka. Wamesimuliwa na baba zao jinsi wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walivyofanya ghasia mwaka 1937, walipolazimishwa kuuza kahawa kupitia KNCU peke yake.

Swali la kijana linahusu mwaka 1971. Februari TANU ilitoa Mwongozo. Julai, Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa umoja wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alimwandikia makamu wa mkuu wa chuo barua ya wazi, akiulaumu uongozi kwa urasimu na ubabe. Jibu likawa Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Akivaga alikamatwa akarudishwa kwao. Wenzake wakasusia masomo.

Wapo makada wanaosema mgeni hakustahili kusema. Sisi hatukubali. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika. Tungepimaje hoja kwa pasi ya kusafiria? Lugha ya barua ilikuwa kali, ni kweli. Lakini Novemba 1970 jarida la wanafunzi, Cheche, lilikuwa limekwisha pigwa marufuku pamoja na chama chao, USARF, kwa madai kwamba jina lake limeazimwa ugenini. Hawa hawakuwa maadui wa ujamaa. Walikuwa wakiusoma na kuubishania usiku kucha, jambo ambalo baadhi ya viongozi wetu hawakulifanya hata mchana!

Tulinganishe na Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walitetea unono wao. Mwalimu aliwarudisha nyumbani karibu 400. Hata hivyo aliwasikiliza kwanza, na waliposema mishahara ya wakubwa ni minono, alikubali, akapunguza wake kwa asilimia 20. Waliadhibiwa, lakini hoja yao ilijibiwa.

Hili ndilo tulilomjibu kijana: kosa la 1971 lilikuwa kuijibu hoja kwa askari. Naye akatukumbusha Machi 1978, wanafunzi walipoandamana tena kupinga nyongeza za mawaziri na wabunge, wakafukuzwa yapata 350.