Ruzuku kwa Watafiti Vijana: Mfano wa Taasisi ya YIVO mjini Vilna (1925–1940)

Katika vyuo vikuu vyetu, ruzuku ya utafiti huhesabiwa kuwa bahati ya mtu mmoja. Aliyeipata hupongezwa, aliyeikosa hupewa pole, na mambo huishia hapo. Katika makala hii fupi tunakusudia kuonyesha kwamba ruzuku inaweza kuwa jambo kubwa zaidi, yaani njia ya jamii nzima ya kujirithisha elimu yake. Mfano wetu tunautoa mbali, katika historia ya taaluma ya Kiyahudi huko Ulaya ya Mashariki, kwa sababu huko wasemaji wa lugha isiyokuwa na dola waliamua kujilelea watafiti wao wenyewe.

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, mamilioni ya Wayahudi wa sehemu hizo walisema Kiyidishi, lugha yenye asili ya Kijerumani, iliyopokea maneno mengi ya Kiebrania na ya Kislavoni, na inayoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Walikuwa na magazeti, shule na tamthilia katika lugha hiyo, lakini chuo kikuu hawakuwa nacho. Wasomi wengi, hata miongoni mwa Wayahudi wenyewe, waliidharau na kuiita Kijerumani kilichoharibika. Ndipo mwaka 1925 mwanaisimu Nokhem Shtif, akiwa Berlin, alipoandika pendekezo la kuunda taasisi ya utafiti. Pendekezo hilo lilipokewa kwa moyo mkunjufu mjini Vilna, uliokuwa wakati huo katika nchi ya Poland na ambao leo ni Vilnius, mji mkuu wa Lituania. Taasisi iliyozaliwa, YIVO, iligawanyika katika idara nne: isimu na fasihi, historia, uchumi na takwimu, saikolojia na malezi. Kiongozi wake mkuu alikuwa Max Weinreich, aliyepata udaktari Marburg mwaka 1923 kwa tasnifu juu ya historia ya uchunguzi wa Kiyidishi.

Taasisi iliishi hasa kwa michango ya wanachama na marafiki waliotawanyika katika nchi nyingi. Watu wa kawaida, bila malipo, waliiletea methali, nyimbo, istilahi za mafundi na hati za zamani. Basi ghala likajaa. Lakini nani angeyachambua hayo yote? Katika vyuo vikuu vya Poland wanafunzi wa Kiyahudi walizidi kubanwa, na tangu mwaka 1937 vyuo kadhaa viliwalazimisha kuketi kwenye mabenchi ya peke yao. Hata aliyemaliza masomo hakuwa na matumaini ya kupata kazi ya kufundisha humo.

Weinreich mwenyewe alikuwa ameonja faida ya ruzuku. Mwaka 1932 hadi 1933, kwa msaada wa Wakfu wa Rockefeller, alishiriki katika semina ya mwanaisimu Edward Sapir katika Chuo Kikuu cha Yale. Akiwa Marekani alitazama pia hali ya vijana Weusi, naye akailinganisha na ile ya vijana wa Kiyahudi katika kitabu alichokitoa mwaka 1935. Mwaka huohuo YIVO ilianzisha mpango wa watafiti vijana, ulioitwa Aspirantur, kwa jina la Tsemakh Szabad, daktari na kiongozi wa Wayahudi wa Vilna aliyekuwa amefariki. Kijana aliyekubaliwa alipewa posho, akaja Vilna, akachagua mada yake, akaongozwa na mtafiti mzoefu, kisha akaleta matokeo yake mbele ya wenzake katika semina.

Jambo la kuzingatiwa na sisi wanaisimu ni hili: kazi hiyo yote ilifanyika kwa Kiyidishi. Lugha haipati istilahi za sayansi kwa kusifiwa. Huzipata kwa kutumiwa na mtu aliye na jambo la kusema na asiyeruhusiwa kukimbilia lugha nyingine. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1937, YIVO ilitoa kanuni zake za tahajia.

Miongoni mwa walionufaika ni Lucy Schildkret, mwanafunzi kutoka New York aliyewasili mwaka 1938, na ambaye baadaye alijulikana kama mwanahistoria Lucy Dawidowicz. Aliondoka Vilna mwishoni mwa Agosti 1939, siku chache tu kabla ya vita. Weinreich naye alikuwa safarini na mwanawe Uriel, akielekea kwenye kongamano la wanaisimu lililopangwa kufanyika Brussels. Hakurudi tena Vilna. Mwaka 1940 makao makuu yalihamia New York.

Waliobaki yaliwapata mengine. Noyekh Prilutski alipewa kiti cha Kiyidishi katika Chuo Kikuu cha Vilnius mwaka 1940. Mwaka uliofuata Wajerumani wakamwua. Zelig Kalmanovich alilazimishwa na Wanazi kuchambua vitabu vilivyoporwa, ndani ya jengo lile la taasisi, kisha akafia kambini Estonia. Wengi wa watafiti vijana waliuawa pia. Vitabu na hati kadhaa zilizopelekwa Ujerumani zilipatikana baada ya vita, na mwaka 1947 Dawidowicz mwenyewe alishiriki mjini Offenbach kuzitenga ili zirudishwe kwa YIVO.

Je, mpango ule ulishindwa? Hatuwezi kusema kwamba vitabu vililipa fidia ya watu. Hakuna fidia ya namna hiyo. Hata hivyo mnyororo haukukatika wote. Uriel, aliyekulia katika mazingira ya taasisi hiyo, alichapisha mwaka 1953 kitabu chake juu ya lugha zinazokutana, kisha akamlea William Labov, mmoja wa waasisi wa isimujamii. Nayo YIVO ingali inatoa ruzuku kwa watafiti.

Ndugu wasomaji, mwanafunzi wa Lubumbashi anayeandika tasnifu juu ya Kifaransa kinavyoingilia Kiswahili chetu hutumia zana zilizonolewa katika kitabu hicho cha 1953, ingawa huenda jina la Vilna hajalisikia kamwe. Kiswahili chetu kina wasemaji wengi, tena ni lugha ya taifa. Wazee wetu wangali wanazo methali, na mafundi wetu wanayo maneno. Watu wa Vilna hawakungoja serikali iwape kiti; walichanga posho ya kijana mmoja, kisha ya wa pili. Swali ambalo wasaidizi na maprofesa wetu hatuna budi kujiuliza si nani atatufadhili sisi, bali ni kijana gani tunayemwandalia mahali mezani petu.