Diwani na Diwani: Mabaraza ya Bagamoyo na Safari ya Kodi ya Nyumba

Neno diwani liliingia pwani likiwa na mizigo miwili. Asili yake ni Kiajemi, na kwa Waarabu lilianza kuwa jina la daftari: Khalifa Omar alipotaka kujua nani alipwe nini katika jeshi lake, majina yakaandikwa katika diwani. Daftari likazaa afisi, afisi ikazaa baraza la wakuu, na kwa njia nyingine daftari la majina likawa daftari la beti. Ndiyo maana Mswahili husema diwani hii akikusudia kitabu cha mashairi, na diwani huyu akikusudia mtu aliyechaguliwa na kata yake ende akaseme habari za mitaro na soko la samaki. Wapenzi wa ushairi wanaijua vyema ile ya kwanza. Huyu wa pili hukumbukwa siku za uchaguzi, na katika vitabu vya historia ni nadra kumkuta.

Mji unaofaa kumtafutia ni Bagamoyo. Kwa wageni, mji huu husimuliwa kwa mambo makubwa: maiti ya Livingstone iliyoletwa kwa mabega ya watu mpaka misheni, Februari 1874, Stanley na Emin Pasha walioingia Desemba 1889, na Emin akaanguka dirishani usiku wa karamu, Abushiri bin Salim na vita vyake, misafara ya pembe na pingu za watumwa. Yote ni kweli na yanastahili kusimuliwa. Lakini mji uliopokea wapagazi kwa maelfu kila msimu ulikuwa na maswali mengine, yasiyo na fahari: walale wapi, nani awatoze na kwa haki gani, kiwanja cha marehemu kimwendee nani, ngoma zikipigana barabarani nani asuluhishe. Maswali hayo yalijibiwa kila siku, vitani na katika amani, na aliyeyajibu ndiye aliyeutawala mji.

Kabla ya Wajerumani, miji ya Mrima haikuwa na mfalme mmoja mmoja. Kila mji ulikuwa na majumbe kadhaa, ambao Burton alipopita Kaole mwaka 1857 aliwajua kwa jina la madiwani. Bagamoyo majumbe hao walikuwa Washomvi. Maelezo bora ya utawala wao hayakuandikwa na Mzungu. Yaliandikwa na mwana wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye Desturi za Wasuaheli, iliyohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa Ujerumani mwaka 1903, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya kalamu yake. Humo zimo daraja za wakuu, jumbe na waziri na shaha. (Shaha ni cheo ambacho baadaye kilihamia kwa malenga, na huko kimedumu kuliko kilivyodumu mjini.) Humo pia mna jambo la kuzingatiwa kuliko daraja zenyewe: ujumbe haukutwaliwa hivi hivi. Aliyeutaka alipaswa kulisha mji, kuwatolea wakuu waliotangulia ada zao, na kumaliza mali hadharani ndipo avikwe kilemba. Baada ya hapo naye akawa na haki ya kupata sehemu yake katika wanyama waliochinjwa, katika sherehe, na katika biashara iliyopita mjini mwake.

Asije mtu akadhani hiyo ilikuwa demokrasia iliyopotea. Mtumwa hakuwa na kiti katika baraza hilo, wala Mnyamwezi aliyebeba pembe miezi mitatu mpaka akaiona bahari. Wanawake walisikilizwa kwa njia nyingine, si pale. Hata hivyo palikuwa na kanuni moja ambayo mabaraza mengi ya baadaye hayakuwa nayo: mkubwa alitoa kwanza, akapokea baadaye, na alichotoa kililiwa papo hapo mjini.

Majumbe hao hawakuwa peke yao. Mfalme wa Unguja alikuwa na liwali wake, na askari wa Kibulushi waliotangulia kukaa Kaole kisha wakahamia Bagamoyo. Forodha ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Na nyuma ya mji walikuwako Wazaramo, ambao kwa mujibu wa mapokeo waliwasaidia Washomvi dhidi ya Wakamba, na kwa hiyo Pazi wao akawa na haki ya kupewa fungu kila mwaka. Basi mji ulikuwa na mifuko kadhaa, na siasa yake yote ilikuwa kuipima mifuko hiyo isizidiane mno. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868 kutaka ardhi ya misheni, haikuwatosha ruhusa ya Unguja. Ilibidi wasikilizane na wakuu wa pale.

Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilikuja kuchukua utawala wa pwani ambao Sayyid Khalifa aliikodisha. Kuhusu vita vilivyofuata yameandikwa mengi, na Hemedi bin Abdallah el Buhriy aliyatungia utenzi. Sababu zake aghalabu huelezwa kwa habari ya bendera. Bendera ilikuwamo, lakini zilikuwamo pia amri za kampuni, na ukizisoma utaona ni amri za baraza la mji: kodi mpya, na agizo kwamba hati za ardhi zipelekwe kuandikishwa katika muda uliowekwa, na ardhi isiyothibitishwa mwenyewe iwe mali ya kampuni. Katika mji ambao mwenye shamba alijulikana kwa minazi yake na kwa ushahidi wa majirani, agizo la namna hiyo liliwafuta majumbe kuliko mzinga ungeweza kuwafuta, kwani kazi ya jumbe ilikuwa ndiyo hiyo: kujua nani mwenye nini.

Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bagamoyo ikakaa kuwa makao ya serikali hadi mwaka 1891, kisha makao yakahamishiwa Dar es Salaam, ambako bandari ilikuwa na kina. Jumbe akabakia jina. Serikali ilimfanya mtumishi wake wa kuhesabu vibanda na kukusanya watu wa kazi, na juu yake akawekwa akida. Kilemba ambacho zamani kilimgharimu mtu mali yake sasa kilitolewa na kuvuliwa na bwana shauri.

Hapa ndipo kodi ya nyumba inapoingia, na haitatoka tena. Amri yake ilitolewa mwaka 1897 na ukusanyaji ukaanza mwaka uliofuata. Kibanda cha shamba kilitozwa rupia 3 kwa mwaka, na nyumba za mjini zaidi kwa kadiri ya ukubwa wake. Mwaka 1901 Wajerumani wakaanzisha jumuiya za wilaya, Bagamoyo ikiwa mojawapo, zenye mfuko wake na baraza dogo la kumshauri mkuu wa wilaya. Wazungu ndio waliokuwa wengi katika baraza hilo, na wenyeji wakawekewa nafasi ya kuwakilishwa tu. Ukilitazama kwa jicho la leo ni baraza la kuchekesha. Lakini lilikuwa na kitu kimoja cha maana: nusu ya kodi ya nyumba ilibaki wilayani. Kwa fedha hizo zilitengenezwa barabara, masoko na shule, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za majumbe fedha ya mji ilionekana ikirudi mjini. Haikudumu. Fungu likapunguzwa, na mwaka 1909 jumuiya zenyewe zikavunjwa, isipokuwa Dar es Salaam na Tanga. Reli ya kati ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wapagazi walikuwa wanapungua, na mji uliokuwa mlango wa bara ukawa wa kupitiwa kando.

Katika miaka hiyo hiyo Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa Berlin, akifundisha Kiswahili tangu 1900. Mtu aliyeandika jinsi mji wake unavyomkubali mkuu alirudi mwaka 1905 na mkewe Mjerumani, na serikali ya Dar es Salaam ikakataa mke huyo asishuke. Akarudi Ujerumani, akafia huko mwaka 1927. Bagamoyo haikumwona tena.

Waingereza waliingia mjini Agosti 1916. Miaka mingi ya utawala wao haina la kusimuliwa sana kwa upande wa baraza, ila uamuzi wao mmoja wa mwanzo. Walimteua kuwa liwali Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Ramiya, khalifa wa tarika ya Qadiriya. Ramiya alitokea Kongo ya mashariki na aliletwa pwani akiwa mtumwa. Bwana wake alikuwa Amir bin Suleiman Lemki, liwali wa zama za Wajerumani. Kiti cha bwana kikakaliwa na mtumwa wake, tena kwa elimu na kwa wafuasi wake, si kwa kilemba cha kununua. Mpaka anafariki mwaka 1931 alikuwa mtu mashuhuri kuliko wote katika mji, na mawlidi yaliyoanzishwa katika nyumba yake yaliendelea kukusanya watu wa pwani nzima kila mwaka. Washomvi hawakulipokea jambo hilo bila uchungu. Swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilitokota miaka mingi baadaye, hata misikitini. Yumkini Waingereza hawakukusudia mapinduzi, walitaka mtu wa kutegemewa tu. Lakini ndani ya ukuta wa Bagamoyo hakuna uteuzi uliogeuza zaidi maana ya neno mkubwa.

Baada ya uhuru machifu waliondolewa, na halmashauri za wilaya za kuchaguliwa zikashika kazi. Hazikupata muda wa kukomaa. Mwaka 1972 ikaja siasa ya madaraka mikoani, iliyoandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani, McKinsey, na jina lake lilikuwa kinyume cha kazi yake: halmashauri zikavunjwa, na madaraka yakaenda kwa wakurugenzi wa maendeleo walioletwa na serikali kuu. Lengo lililotajwa lilikuwa kusogeza maendeleo kwa mwananchi. Kilichosogea kwanza ni taka. Miji ikakosa wa kuzoa, wa kuzibua mitaro na wa kukagua maji, na kipindupindu kilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1970 ikawa wazi kwamba yule diwani aliyedharauliwa kwa kubishana juu ya majaa alikuwa akizuia maradhi. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Wilaya kama Bagamoyo zilingoja zaidi: sheria namba 7 ya mwaka 1982 ndiyo iliyozirejesha, zikaanza kazi mwaka 1984.

Sheria hiyo ilileta pia ngazi inayoitwa mamlaka ya mji mdogo, ambayo baraza lake hujazwa na wenyeviti wa vitongoji. Ni ngazi ya unyonge kwa mfuko, lakini kwa sura inafanana na baraza la majumbe kuliko kitu chochote kilichokuja kati yao: watu wengi wa mitaa midogo, kila mmoja akijua nyumba zake, na hakuna mfalme. Tofauti ni kwamba mwenyekiti wa kitongoji hana haja ya kulisha mji, na mji nao hauna cha kumlisha.

Kisha ikaja miaka ya mambo makubwa tena. Machi 2013, Rais wa China alipotembelea Tanzania, ulitiwa sahihi mpango wa bandari mpya ya Bagamoyo. Wakulima na wavuvi waliokuwa katika eneo hilo wakatathminiwa minazi na makaburi yao, na mwaka 2019 Rais Magufuli akausimamisha kwa kuyakataa masharti yake. Mpango uliingia na kutoka kwa maamuzi yaliyofanywa mbali na ukumbi wa madiwani. Mwaka 2015 Chalinze nayo ikawa na halmashauri yake, ikaondoka na njia panda ya malori na machimbo ya kokoto ya Lugoba.

Kodi nazo zikaendelea na safari yake. Kodi ya maendeleo, iliyotozwa kwa kichwa na kuchukiwa na kila mtu, ilifutwa mwaka 2003, na watu wakashangilia kwa haki. Halmashauri zikabakia na ushuru wa masoko na samaki, leseni na kodi ya majengo. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukaanza kuhamishiwa Mamlaka ya Mapato, kwanza katika halmashauri kadhaa, kisha kwingine. Mwaka 2021 ukafungwa katika mita za umeme, Sh. 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwenye nyumba wa Magomeni au Nianjema aliyekwenda dukani mwezi huo kununua umeme wa elfu mbili alipewa namba zake za luku, akarudi nyumbani akaziingiza moja moja, akakuta uniti ni chache kuliko alivyozoea. Akamwita jirani aje amsomee karatasi.