Vijembe vya Waandishi wa Programu: Utani ni Upi, Dharau ni Ipi?

Kila kazi ina vijembe vyake, lakini sijaona watu wanaopigana vijembe juu ya vitendea kazi kama waandishi wa programu za kompyuta. Ukitaja tu lugha unayoandikia, wameshakuchora. Wa Java, wanasema, ni karani wa serikali: hawezi kugusa kitu bila kukipa jina refu kama anwani ya posta. Wa Haskell ni mwanafalsafa. Programu yake haina kosa hata moja, ila hakuna aliyewahi kuitumia. Wa C ni mzee aliyeona njaa, anahesabu kila baiti kama punje za mchele wa mwisho. Wa Python ana haraka, kila kitu anaazima kwa jirani. Na yule wa Arch Linux hana haja ya kuulizwa, atakuambia mwenyewe kabla hujamaliza kumwamkia.

Nacheka kama wengine, maana nami nimo humohumo. Lakini nikifuatilia vijembe hivi vilikotoka, naviona ni vya aina mbili, na sisi tunaozungumza Kiswahili tuna maneno ya kuvitenganisha: kuna utani, na kuna dharau.

Utani una masharti, na yeyote aliyekulia kwenye vijiwe vya Simba na Yanga anayajua. Sharti la kwanza, watani wako sawa: ukinichoma leo, kesho zamu yangu, na hakuna kununa. La pili ni zito zaidi: siku ya msiba mtani hakosi. Atakuja na vituko vyake, lakini atafika na kazi atafanya. Dharau haina masharti hayo. Inatoka juu kwenda chini, na ujumbe wake ni mmoja tu: hapa si pako.

Sasa turudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuandika programu kulikuwa kuzungumza na mashine kwa namba zake yenyewe, na waliojua kazi hiyo walikuwa wachache. Grace Hopper, mwanahisabati Mmarekani aliyetumikia pia jeshi la wanamaji, alitengeneza mwaka 1952 mfumo ulioitwa A-0, uliokuwa hatua ya mwanzo kuelekea kile tunachokiita leo kompaila. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza: mashine yenyewe ifanye ile kazi ya kuchosha ya kupanga maagizo. Alisimulia baadaye kwamba hakuna aliyemwamini. Aliambiwa kompyuta inajua hesabu tu, mambo ya kuandika programu iachie watu.

Mwaka 1957 ikaja FORTRAN, kazi ya timu ya John Backus pale IBM. Ukiwa na FORTRAN, mwanasayansi aliweza kuandika fomula zake karibu kama anavyoziandika kwenye karatasi. Je, mafundi wa zamani walishangilia? Wapi! Wengi walisema hakuna programu itakayopanga maagizo vizuri kama mkono wa mtu. Backus mwenyewe aliandika baadaye kwamba waandishi wengi wa miaka ile walijiona kama makuhani wenye siri, na hawakupenda siri hizo zifike kwa watu wa kawaida. Kwa macho yao, FORTRAN ilikuwa chombo cha wavivu.

Shika hapo, maana sasa tunaruka miaka 26.

Mwaka 1983 jarida la Datamation la Marekani lilichapisha barua ya Ed Post iliyoitwa "Real Programmers Don't Use Pascal", yaani waandishi halisi wa programu hawatumii Pascal. Mwaka mmoja kabla yake Bruce Feirstein alikuwa ametoa kitabu cha mzaha, "Real Men Don't Eat Quiche", kinachowacheka wanaume wanaohangaikia uanaume hadi kuogopa pai ya mayai. Post akaugeuza mzaha huo kwa watu wa kompyuta. Wanaokula pai, alisema, wanatumia Pascal, lugha ambayo Niklaus Wirth wa Zurich aliitoa mwaka 1970 kwa ajili ya kufundishia wanafunzi. Mwandishi halisi anatumia nini? FORTRAN!

Umeona? Chombo cha wavivu cha 1957 ndicho kilichokuwa chombo cha wanaume mwaka 1983. Lugha haikuwa imebadilika kiasi hicho. Waliobadilika ni waliokaa mlangoni.

Kuwa mkweli, barua ya Post inachekesha sana. Inamchora mtu wake hadi meza yake: vikombe vya kahawa iliyopoa, kalenda ya Snoopy ya mwaka 1969 bado ukutani. Post anajua mtu huyu ni kichekesho. Shida ni wasomaji walioichukua kama sheria. Hadi leo utamsikia mtu akisema "mwandishi halisi hafanyi hivi" bila hata kutabasamu.

Mwaka huohuo Ed Nather, mwanaastronomia wa Chuo Kikuu cha Texas, alisambaza kisa kilichopendwa mpaka leo, kisa cha Mel. Mel alifanya kazi Royal McBee, kampuni iliyouza kompyuta zenye kumbukumbu ya pipa linalozunguka. Aliandika kwa namba tupu, na kila agizo alilipanga mahali ambapo pipa lingelifikisha kwenye kichwa cha kusomea wakati uleule linapohitajika. Watu wa mauzo walimtaka aongeze swichi ya kumwachia mteja ashinde mchezo wa karata. Mel hakutaka, aliona ni udanganyifu. Aliposhinikizwa akaiweka, lakini kinyume: ukiibonyeza, mashine ndiyo inashinda kila mara. Akafurahi, akakataa kuirekebisha. Alipoondoka, Nather alipewa kazi ya kuitafuta sehemu hiyo, na akatumia wiki mbili nzima kuelewa ujanja mmoja tu wa Mel.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinamtukuza fundi bila kumtukana mtu mwingine. Nather anastaajabia, halafu anaiacha programu ya Mel kama alivyoikuta. Unaweza kuheshimu ustadi wa mzee bila kufunga mlango kwa kijana.

Wengine waliufunga. Edsger Dijkstra, Mholanzi mwenye akili kubwa na ulimi mkali zaidi, aliandika mwaka 1975 kwamba COBOL inalemaza akili na kuifundisha kungestahili kuwa kosa la jinai. Waliojifunza BASIC akawaona hawaponyeki tena. Sasa fikiria ni akina nani hao. COBOL ilijengwa juu ya kazi ya Hopper ili watu wa mahesabu na ofisi waweze kusoma programu zao. BASIC ilianzishwa mwaka 1964 pale Dartmouth na John Kemeny na Thomas Kurtz, wakiwalenga hasa wanafunzi ambao si wa sayansi. Ndiyo kusema, kijembe kikali kuliko vyote kilielekezwa kwenye lugha zilizotengenezwa kufungulia watu mlango. Aliyechomwa hakuwa na jukwaa la kujibu. Hapo utani umekwisha.

Na picha ya mwandishi wa programu haikubaki kwenye mzaha. Mwaka 1966 wanasaikolojia wawili, William Cannon na Dallis Perry, waliwapima waandishi wa programu 1,378 wa Marekani, na kati yao wanawake walikuwa 186 tu. Walihitimisha kwamba watu hawa wanapenda mafumbo na hawapendi watu. Vipimo vya namna hiyo vikatumika kuajiri. Ukiajiri wasiopenda watu, baada ya miaka utawakuta wasiopenda watu, na utasema kumbe ndivyo walivyo! Wakati huohuo tukasahau kwamba walioipangia kazi ENIAC, kompyuta iliyoonyeshwa kwa umma mwaka 1946, walikuwa wanawake sita, na kwenye karamu ya kuisherehekea hawakualikwa. Mwaka 1984 wanawake walipata takriban asilimia 37 ya shahada za kompyuta nchini Marekani. Miongo miwili na ushei baadaye walikuwa wameshuka hadi kama asilimia 18. Sisemi vijembe peke yake ndivyo vilivyofanya hivyo. Ila mtu akishajua kwamba "halisi" ana sura fulani, anajiangalia kwenye kioo.

Niliwahi kukaa kwenye jopo la usaili, mahali sipataji. Binti mmoja akaeleza alivyojifunza PHP peke yake na kutengeneza mfumo wa duka la mama yake, unaofanya kazi mpaka leo. Mmoja wa wasaili akatabasamu: "Sawa dada, na lugha za kweli je?" Watu wakacheka. Binti alijibu maswali yaliyobaki kwa sauti ya chini.

Linganisha na ugomvi mkongwe wa vihariri, yaani programu za kuandikia. Emacs ilizaliwa MIT mwaka 1976, na vi ya Bill Joy kule Berkeley mwaka huohuo. Wa vi husema Emacs ina kila kitu isipokuwa kihariri kizuri. Wa Emacs hujibu kwamba ukiingia vi hutoki; na kweli, mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow ilitangaza kwamba swali la namna ya kutoka Vim, mtoto wa vi, limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja. Richard Stallman, baba wa Emacs, huvaa joho na sahani ya diski kichwani, akajiita mtakatifu wa kanisa la Emacs. Hapa kila upande una silaha, na hakuna anayekosa kazi.

Vim ilitolewa mwaka 1991 na Bram Moolenaar wa Uholanzi. Mwaka 1994 alijitolea kufanya kazi Kibaale, mji mdogo kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, kwenye kituo cha kusaidia watoto, wengi wao wakiwa wamepoteza wazazi kwa ukimwi. Baada ya hapo, kwa miaka mingi, waliofungua Vim tupu walikutana na maneno ya kuwaomba wawasaidie watoto wa Uganda. Bei ya programu ndiyo hiyo. Moolenaar alipofariki Agosti 2023, rambirambi nilizosoma hazikutoka upande mmoja. Wa Emacs nao walikuja. Mtani hakosi msibani.

Sasa kuna kijembe kipya mjini: eti mwandishi halisi hatumii akili mnemba. Hoja za kuihofia zipo, tena nzito, na zijadiliwe. Lakini ukitaka kumcheka kijana anayejifunza nayo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, jiulize kwanza kama ana nafasi ya kukucheka nawe.