Kisu Kambini: Kutoka Ishango Hadi Katwe



Kila likizo, vijana wanapojiandaa kwenda kupiga kambi upande wa Kabatoro, wazazi huuliza jambo lilelile: kijana abebe kisu au asibebe? Na kama atabeba, kiwe kile kidogo cha kukunja au kile cha kutia alani? Kumbe kisu kilianza kusafiri pande hizo zamani mno.

Ukisimama Katwe ukalitazama Ziwa Edward, ng'ambo upande wa Congo kuna Ishango, pale Mto Semliki unapotoka ziwani. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua huko mfupa wa sentimita 10 hivi, wenye umri wa miaka 20,000 hivi. Wengi wanaujua kwa sababu ya alama zilizochanjwa ubavuni mwake, na wataalamu wa hesabu wanazibishania mpaka leo. Mimi nautazama upande wa ncha. Pamechomekwa kipande cha jiwe kikali, yaani mfupa wenyewe ni mpini! Huyo ni babu wa kisu kisichokunjwa.

Chuma kilikuja baadaye sana. Chumvi ya Katwe ilisafirishwa mbali, na watu wa Bunyoro, mafundi wa kufua chuma, walileta majembe kuibadilisha. Mfalme Kabalega aliing'ang'ania chumvi hiyo. Juni 1889 msafara wa Stanley ukapita hapo na wapagazi wake Wazanzibari, na mwaka 1891 Lugard akaiteka Katwe na kujenga ngome aliyoiita Fort George. Kisha akaenda kuwachukua askari wa Kisudani wa Selim Bey, wengi wao Waislamu.

Sasa fikirieni kambi za misafara ile. Mnyama akipigwa risasi, Mwislamu alikimbia na kisu chake ili amchinje kabla roho haijatoka. Akichelewa, au kisu kikiwa butu, nyama ni ya wenzake, yeye atalala na uji. Na jambo hili halikuwa dogo. Mwaka 1876 vijana wa Kiislamu wa jumba la Kabaka Mutesa wa Kwanza waliuawa, na moja ya makosa waliyohesabiwa ni kukataa nyama ya wachinjaji wa Kabaka.

Kwa kazi hiyo kisu cha kukunja hakifai. Damu na mafuta huingia kwenye bawaba, na ukikikandamiza vibaya kinajifunga juu ya vidole. Kijana wetu mmoja alishonwa nyuzi nne kwa sababu hiyo, naye alikuwa anachonga kijiti tu.

Siku hizi Katwe-Kabatoro imepakana na Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, na humo hakuna kuwinda. Kwa hiyo mbuzi wetu anachinjwa mjini na mtu mzima anayejua, kabla hatujaondoka. Kisu kirefu kinanolewa kwenye kinoo, kinarudi alani, kinakaa kwenye sanduku la mpishi. Kile cha kukunja anapewa aliyekwisha kufundishwa: kukata kamba, kumenya viazi, kumpa mwenzake kikiwa kimefungwa. Aliyeshonwa nyuzi ndiye anayewafundisha wadogo mwaka huu.