Mahakama ya Arusha na Hukumu ya Akayesu

Baraza la Usalama liliazimia, tarehe 8 Novemba 1994, kuunda mahakama ya kuwahukumu walioongoza mauaji ya halaiki ya Rwanda, nayo ikapewa makao Arusha. Hati yake ya kwanza ya mashtaka ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, haikutaja ubakaji hata kwa neno moja, nalo ni jambo la kustaajabisha. Ni ushahidi wa wanawake, waliosimama mbele ya mahakimu wakaeleza yaliyowasibu, uliofanya hati hiyo irekebishwe Juni 1997. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ikathibitisha kuwa ubakaji waweza kuwa mauaji ya halaiki, kauli ambayo hapana mahakama ya kimataifa iliyowahi kuitamka kabla yake. Walakini mahakama hiyo ilifungwa mwisho wa 2015 pasipo kumshitaki hata askari mmoja wa upande ulioshinda vita vya Rwanda, na kwa hilo insafu yake ilipunguka.