Mahame Yaliyogeuka Hifadhi

Mjadala wa idadi ya watu Tanzania siku hizi una upande mmoja tu, nao ni wingi. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, ile ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, na kila anayezungumzia ardhi, shule au misitu huanzia hapo. Ipo historia nyingine isiyotajwa sana, ya miongo mitatu hivi kuanzia 1890, ambapo Tanganyika iliumizwa na upungufu. Miaka hiyo inatufundisha jambo ambalo takwimu za ongezeko haziwezi kutufundisha: watu wakipungua kupita kiasi, ardhi waliyoiacha haipumziki. Kwanza hubadilika tabia, kisha hubadilika mmiliki. Sehemu kubwa ya pori linalosifiwa leo kuwa halijaguswa tangu na tangu ni mahame, na aliyelitenga kuwa hifadhi aliwakuta wenyewe wameshafukuzwa na njaa, maradhi na vita.

Msiba ulianza na ng'ombe. Sotoka iliingia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na mifugo iliyoletwa kwa ajili ya jeshi la Italia, na kufikia 1891 ilikuwa imeshafika Umasaini. Penye boma la ng'ombe mia walibaki kumi, au hawakubaki kabisa. Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria aliyepita Ngorongoro na Serengeti 1892, aliandika habari za wanawake waliokonda wakabaki mifupa na morani walioshindwa hata kutambaa, akakadiria kwamba theluthi mbili ya Wamasai walikuwa wamekufa. Ni kadirio la msafiri, halina uzito wa sensa, lakini linatupa kipimo cha msiba wenyewe. Nyuma ya sotoka zikaja ndui, funza, nzige, na njaa za 1894 na 1898. Julai 1905 vita vya Maji Maji vikaanza Umatumbi, ambako watu walikuwa wakilimishwa pamba kwa nguvu, na jeshi la Kijerumani likajibu kwa kuchoma vijiji na maghala ya nafaka. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa. Kabla nchi haijapata nafuu, vita vya 1914 vikawazoa wanaume kwa maelfu kuwa wapagazi, vikala chakula cha vijiji, na mwisho wake yakaja mafua ya 1918.

Ili kuona vifo hivyo vilifanya nini kwa waliosalia, lazima tuingie shambani. Mkulima wa Rufiji au Umatumbi hakuvuna alichopanda. Alivuna alichofaulu kukilinda. Mchana kulikuwa na ndege na nyani, usiku nguruwe, kiboko na pengine tembo. Kwa hiyo mashamba yalipakana, na katika kila shamba lilisimama dungu ambalo mtu alikesha juu yake akipiga kelele na kuchochea moto. Mnyama aliyefukuzwa huku alikutana na kelele za jirani kule. Wanaume walishirikiana kuwinda kwa nyavu, na pori la pembezoni lilichomwa kwa wakati wake. Huo ulikuwa ulinzi wa wengi. Kaya tatu zikihama au kufa katikati ya kumi, mashamba yao hugeuka vichaka ndani ya misimu michache, na vichaka hivyo huwa maficho ya nguruwe katikati ya kijiji. Zile saba zilizobaki hazipunguziwi kazi kwa kuwa na nafasi kubwa zaidi. Zinaongezewa mipaka ya kulinda. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha kwamba Uzaramoni, hata kabla ya Maji Maji, nguruwe waliharibu mazao zaidi kadiri wanaume walivyovutwa kwenda kwenye kazi za mbali na uwindaji wa pamoja ulivyodhoofika, na mzigo wa kulinda ukawaelemea wanawake. Basi hata upungufu wa mikono kwa msimu mmoja tu ulitosha kuleta njaa.

Baada ya nguruwe alikuja mbung'o. Mdudu huyu anahitaji vitu viwili, kivuli cha vichaka na damu ya mnyama. Sotoka iliua nyati na wanyamapori wengine pia, kwa hiyo mwanzoni mbung'o wenyewe walipungua mahali pengi. Lakini wanyamapori walizaliana upesi kuliko mfugaji alivyoweza kupata mbegu mpya ya ng'ombe. Malisho yasiyoliwa na mashamba yasiyofyekwa yakaota miiba, mbung'o wakarudi wakaenea hata palipokuwa malisho, na ng'ombe walioletwa baadaye wakafa kwa nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o. Maswa, Usukumani, malale ya binadamu, inayoenezwa na mdudu huyohuyo, ililipuka 1922. Kufikia miaka ya 1930 maofisa wa Kiingereza, walioitawala nchi baada ya Wajerumani, walikadiria kwamba karibu theluthi mbili ya Tanganyika ilikuwa mikononi mwa mbung'o.

Hapo ndipo sheria ilipoingia. Gavana Hermann von Wissmann alikuwa ameshatoa amri ya uwindaji 1896 na kuanzisha hifadhi za kwanza. Waingereza waliziendeleza, na 1922 wakaipa ile ya Rufiji jina la Frederick Selous, mwindaji na askari aliyeuawa Beho Beho Januari 1917. Miaka ya 1940 wakazi wa sehemu za Liwale walihamishwa kwa sababu iliyotajwa kuwa malale, na makazi yao yakaunganishwa na hifadhi. Selous ikakua hadi kilomita za mraba 50,000 hivi, ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia 1982, na 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Uchache wa watu uliosababishwa na vita ukawa ushahidi kwamba ardhi haina watu.

Wapo watakaosema picha hii inaipamba mno Tanganyika ya kale. Helge Kjekshus, aliyeandika 1977 kwamba jamii za kabla ya ukoloni ziliyamudu mazingira yao, alipingwa vikali, hasa na mwanahistoria Juhani Koponen, aliyeonyesha udhaifu wa ushahidi wake na kukumbusha kwamba karne ya 19 ilikuwa na biashara ya watumwa, vita vya Wangoni na njaa zake yenyewe. Pingamizi hilo ni la haki, na mbung'o walikuwepo nchini zamani sana. Hata hivyo hoja yangu haihitaji paradiso. Palipotekwa watu na wawindaji wa watumwa, pori lilirudi vilevile. Misiba ya awali inathibitisha kanuni ileile, na kilichotofautiana baada ya 1890 ni kwamba misiba iliandamana bila nafasi ya kupumua, kisha ikaja dola yenye ramani na sheria ya kuufanya upungufu wa muda kuwa wa kudumu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kuwakusanya waliohamishwa katika makazi ya pamoja kulipunguza malale, na hifadhi leo zina faida ambayo hakuna anayetaka kuipoteza. Yote mawili ni kweli. Makazi ya pamoja yalisaidia kwa sababu ileile iliyofanya kijiji cha zamani kisalimike, yaani watu wa kutosha kufyeka na kulima kwa kupakana. Ila kukubali faida ya hifadhi hakutulazimishi kukubali maelezo ya uongo kuhusu ilivyopatikana. Mzee wa Liwale anayeonyesha makaburi na miembe ndani ya mpaka hadai kitu cha kubuni, na fidia au mgao wa mapato unaojadiliwa naye unapaswa kuanzia kwenye ukweli huo.

Wala somo hili halikuisha na ukoloni. Taifa lenye watu zaidi ya milioni 60 bado lina vijiji ambavyo vijana wameviacha kwa wazee, na humo shamba la pembezoni hulindwa na bibi mmoja huku tembo wakiongezeka jirani. Wastani wa taifa hauwezi kuliona tatizo hilo, kwa kuwa unajumlisha Kariakoo na Liwale katika hesabu moja. Anayepanga mipaka ya hifadhi au huduma za vijijini anapaswa kuuliza kila kijiji kimebakiwa na watu wangapi wenye nguvu za kufanya kazi kwa pamoja, maana hicho ndicho kiwango ambacho chini yake jamii hushindwa na pori kwanza, halafu na karatasi.