Mzigo Mzito Mpe Nani?

Wahenga walisema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na aghalabu huitamka mtu anayetaka kumsukumia mwenzake kazi asiyoitaka mwenyewe. Wasemaji hucheka, Wanyamwezi nao hucheka, maana utani wa makabila yetu ni mali yetu sote. Lakini ndugu msomaji, nyuma ya utani huu ipo historia. Methali hii haisemi kwamba kuna watu walioumbwa na mabega mapana kuliko wengine. Inasema kwamba palikuwa na watu walioijua kazi ya kuhamisha mali, wakaifanya kwa kanuni zake, kwa bei zake na kwa maneno yake. Maneno hayo mengi bado tunayo vinywani, ila tumesahau yalikotoka.

Katika karne ya 19, kabla ya reli, karibu kila kitu kilichotoka pwani kwenda bara, au bara kwenda pwani, kilikwenda kichwani au begani mwa mtu. Haikuwa kwamba watu hawakujua kutumia wanyama. Mbung'o waliwaua ng'ombe, punda na farasi njiani, na majaribio ya kutumia wanyama hao yaliishia kwenye mizoga. Hivyo basi kutoka Bagamoyo hadi Tabora, safari ya miezi miwili au mitatu, na kutoka huko hadi Ujiji, gari lilikuwa ni binadamu. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Na pembe hizo zilipofika Unguja zilikwenda Uhindi, Ulaya na Marekani, zikawa bangili, vibonye vya piano na mipira ya biliadi. Waliopiga piano hizo hawakumjua aliyezibeba.

Kazi hiyo ilikuwa na vipimo vyake. Uzito ulihesabiwa kwa frasila, na frasila moja ilikuwa ratili kama 35, yaani karibu kilo 16. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, au pungufu kidogo. Huo haukuwa mzigo wote aliobeba, kwani juu yake aliweka mkeka wake, chungu chake, chakula chake na silaha yake. Nguo zilikazwa zikawa robota refu gumu lililokaa vyema begani. Vitu vilivyoweza kugawanywa vilifungwa mafungu mawili kwenye ncha za mti, mti ukalazwa begani. Huo uliitwa mdala. Pembe iliyomshinda mtu mmoja ilitundikwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, nao huo uliitwa mzigaziga. Wenye nguvu waliona fahari kubeba pembe, na wengine walizifunga kengele ili wasikike wakija. Mbele ya wote alitangulia kirangozi na bendera, na mzigo wake ulikuwa mwepesi kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kuijua njia.

Tena, palikuwa na namna mbili za kulipa. Waungwana wa pwani waliajiriwa kwa mwezi. Wanyamwezi aghalabu walipatana kwa safari nzima, na malipo yao kwa kawaida yalikuwa nguo. Tofauti hii si ndogo. Anayelipwa kwa mwezi hana sababu ya kuharakisha. Msafara ukikaa siku kumi kusubiri mvua, siku hizo ni zake. Anayelipwa kwa safari anataka kufika, kwa maana kila siku ya kukaa bure inamla yeye na shamba lake linalomngoja nyumbani. Tajiri mwenye akili alijua ni watu wa namna gani amewachukua kabla hajalaumu mwendo wao.

Gharama kubwa iliyofichika ilikuwa posho. Leo neno hili linatukumbusha semina na mikutano, lakini zamani za misafara lilikuwa ni chakula cha njiani, na kipimo chake cha kawaida kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Tufanye hesabu. Tani moja ya bidhaa, kwa mizigo ya kilo 32, inahitaji watu 32. Kibaba ni kama theluthi mbili ya kilo. Watu 32 kwa siku 60 wanakula kibaba 1,920, ambazo ni karibu kilo 1,280. Maana yake ni kwamba kuihamisha tani moja kwa miezi miwili kulihitaji chakula kizito kuliko hiyo tani yenyewe! Hakuna ambaye angeweza kukibeba chakula hicho chote. Ilibidi kinunuliwe njiani kwa nguo na shanga, na ndiyo maana sehemu ya mizigo ya msafara ilikuwa ni fedha ya kuulisha msafara wenyewe.

Juu ya posho palikuwa na hongo. Sisi leo tunaliona neno hili kuwa chafu, na ni haki yetu, maana ni jina la rushwa. Lakini hongo ya misafara ilikuwa ushuru uliolipwa mchana kweupe kwa mtawala wa nchi inayopitiwa. Katika Ugogo, ambako maji ni haba na visima vimechimbwa kwa jasho, wenyeji walidai hongo, na wageni waliandika vitabu vya malalamiko. Mimi nikivisoma vitabu hivyo hujiuliza: mtu aliyechimba kisima, akakilinda, kisha wakaja watu 500 wakanywa siku mbili, alikuwa mwizi kwa kudai nguo?

Liko na neno telekeza. Msafara ulipokabili nchi kavu, kama ile pori ya Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyanyembe, watu walipika na kula mapema, wakaondoka baada ya adhuhuri, wakatembea mpaka jioni, wakalala pasipo maji na kuyafikia asubuhi yake. Mwendo huo ndio ulioitwa telekeza, na Richard Burton aliyepita njia hiyo mwaka 1857 aliuandika. Leo tukisema mtu ametelekezwa, tunamaanisha ameachwa bila msaada. Sidai kwamba najua neno lilivyosafiri kutoka maana moja hadi nyingine, lakini naona kwamba maana zote mbili zina kiu ndani yake.

Mapatano yalipovunjwa, wapagazi hawakuwa mabubu. Asubuhi ya kuondoka waligombea mizigo, kila mmoja akitafuta ile isiyoumiza bega. Mzigo ukizidishwa au posho ikipunguzwa, waliiweka chini na kukataa kwenda, au usiku walitoroka. Wasafiri wa Kizungu waliuita uvivu na usaliti. Sisi tuliokwisha kuona vyama vya wafanyakazi tunaweza kuuita kwa jina lake: mgomo. Si kwamba waliogoma walikuwa na haki siku zote, maana wako waliochukua malipo ya mwanzo na kutoweka nayo. Lakini palikuwa na mapatano, na pande zote mbili zilijua kwamba mapatano yana thamani.

Kisha ikaja reli. Ile ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Ile ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilifanya kazi ya mamia ya watu. Mtu angedhani kwamba hapo ndipo bega la mwanadamu lilipopumzika. La hasha! Mwaka huohuo wa 1914 ilizuka vita, na vita vya Afrika Mashariki havikupiganwa kando ya reli tu. Majeshi yalikwenda porini, na kila risasi na kila kiroba cha unga kilihitaji kichwa. Waingereza na Wajerumani wote walikamata watu. Safari hii hapakuwa na kuchagua mzigo, wala kupatana bei.

Babu yangu mzaa mama alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa na Waingereza mwaka 1917, akiwa kijana asiyeoa. Hakupenda kusimulia vita, kwa kuwa, alisema, hakuiona. Aliuona mgongo wa mtu aliyemtangulia. Alichosimulia ni unga wa mahindi usioiva, tumbo la kuhara, na kipande cha bati chenye namba alichofungwa shingoni. "Nyumbani nilikuwa na jina," alituambia sisi wajukuu. "Kule nilikuwa namba, na namba haichoki." Alirudi. Katika vijana aliotoka nao kijijini, wengi hawakurudi, na kwao hakuja mtu kusema wamezikwa wapi.

Hesabu za serikali ya Kiingereza zenyewe zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, wengi wao wakiuawa na maradhi kuliko risasi. Wanahistoria wengi wanaamini idadi ya kweli ni kubwa zaidi. Kile kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na midomo yetu ikakigeuza kuwa Kariakoo huku Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi, mahali zilipokuwa kambi zao. Sanamu ya Nairobi, iliyowekwa mwaka 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ina askari peke yake. Wapagazi wanatajwa katika maandishi yaliyo chini, ila juu hawapo. Mwezi Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Babu hakuishi kuisikia radhi hiyo.

Utasema, hayo ni ya kale, leo tuna malori. Kweli tunayo. Anayehama nyumba huchagua mkokoteni, guta, kirikuu, kenta au Fuso, kadiri ya vyombo vyake na mfuko wake, na mwenye uwezo huita kampuni inayofunga, kupakia na kupanga kila kitu. Lakini tazama mapatano yenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilihama kutoka Ilala kwenda Mbagala. Dereva alinitajia bei, nikakubali. Tulipofika, vibarua wake walikaa juu ya magodoro wakisema kwamba bei ile ilikuwa ya gari na kupakia, kushusha ni kazi nyingine. Dereva naye alitazama pembeni kana kwamba hakuwahi kuwaona watu wale. Jirani yangu mpya, mzee mmoja mstaafu wa bandarini, alinivuta kando. "Baba, usigombane nao," aliniambia. "Waulize yeye amewapa ngapi." Niliwauliza. Kwa kupakia kabati, kitanda na friji, na kusafiri juu ya mzigo katika jua lile, dereva alikuwa amewaahidi sehemu ndogo mno ya fedha niliyompa. Wale vijana hawakuwa wakiniibia. Walikuwa wamefanya kile walichofanya wapagazi wa Ugogo: wameweka mzigo chini mahali ambapo sauti yao ingesikika.

Tangu siku hiyo nimeona kwamba maneno ya msafara hayajafa, yamebadili nguo tu. Frasila imekuwa ukubwa wa gari, basi mwenye mali na ahesabu vyombo vyake kabla ya kuulizwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Malipo ya safari na malipo ya mwezi yamekuwa bei ya kazi nzima na bei ya kutwa, na foleni ya barabarani ndiyo mvua yetu ya kuchelewesha msafara. Posho ni chakula na maji ya vibarua, ambayo lazima yajulikane yanatoka kwa nani. Hongo ni ushuru wa maegesho na malipo ya getini. Ghorofa isiyo na lifti ndiyo Mgunda Mkali. Arubuni bado inatolewa, na bado wako wanaotoweka nayo. Kioo kikivunjika, ahadi ya dereva si bima. Bima ni karatasi. Na swali ambalo tunalisahau kuliko yote ni lile la mzee wa bandarini: katika bei hii, mbebaji anapata ngapi?

Wazee wetu walituachia methali nyingine, nayo husemwa mara chache kuliko ile ya Mnyamwezi: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulio kichwani mwa mwingine huonekana mwepesi kama sufi. Ndivyo ulivyoonekana kwa mpiga piano, kwa afisa aliyeandika namba badala ya jina, na ndivyo unavyoonekana kwetu tunaposimama kivulini tukihimiza vijana wafanye haraka. Ukipita Kariakoo leo utamwona hamali anakata katikati ya watu, gunia begani, akipaza sauti apishwe. Mpishe. Na ukiwa na mzigo wako, mwulize jina lake kwanza, kisha mpatane bei.